Mwanangu kanishonea: mwongozo kamili wa zawadi za kitambaa ambazo watoto wanaweza kumtengenezea mama

Mtazame mama anapoipua sufuria ya wali. Hatafuti kitambaa cha kushikia. Mkono unashuka kiunoni, unakamata pembe ya kanga aliyojifunga, na kwa pembe hiyo hiyo sufuria inatoka motoni. Ndiyo sababu kanga za kushindia za mama zetu huwa na masizi na vitundu vya moto upande mmoja. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 8 aliponionyesha kitundu cha namna hiyo kwenye kanga ya mama yake, akaniuliza, "Mama mdogo, hatuwezi kumshonea kitu cha kushikia?"

Tulimshonea. Vitambaa viwili vya kanga na taulo kuukuu, kimoja kimepinda kuliko mwenzake, na mpaka leo vinaning'inia kwenye msumari jikoni kwa dada.

Tangu hapo nimekuwa nikikaa barazani na watoto wa nyumbani na wa jirani, tunashona. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoona yanawezekana kwa mkono wa mtoto, bila cherehani na bila kununua vitu vingi. Namwandikia shangazi, mama mdogo, dada mkubwa, baba au mwalimu atakayekaa na mtoto, kwa sababu mtoto anahitaji mtu mzima wa kumtungia uzi na kumshikia kitambaa. Kumshikia, si kumshonea. Hilo nitalirudia.

Wengi hushona kwa ajili ya Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Wengine huandaa kwa Idd, kwa Krismasi, au siku mama anaporudi safari. Vyovyote vile, anza wiki tatu kabla. Mtoto wa miaka 6 huchoka baada ya dakika 20, na wa miaka 10 akifika dakika 40 amejitahidi. Akichoka, weka chini. Mishono ya mtoto aliyechoka ndiyo inayomchoma vidole.

Kitambaa: anzia kwa fundi na kwenye kanga kuukuu

Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwenu. Chini ya meza yake pana gunia au ndoo ya vipande vilivyobaki, na siku chache kabla ya sikukuu, au anaposhona sare za harusi, gunia hilo hujaa. Mtume mtoto mwenyewe aombe na aseme ni vya nini. Nimeona mafundi wakiacha kazi kuchagua kipande kizuri cha kitenge waliposikia ni zawadi ya mama.

Chanzo cha pili ni kanga kuukuu za nyumbani, na hapa nenda polepole. Kanga ya mama haikatwi bila kuuliza. Ile inayoonekana imechakaa huenda ndiyo aliyofungwa siku ya harusi yake, au ndiyo aliyombebea mgongoni mtoto huyu huyu anayetaka kuikata. Muulize bibi au baba ni ipi ambayo mama mwenyewe ameshaigeuza tambara. Hiyo ndiyo yenu. Tena kwa kazi hii kanga kuukuu inaishinda mpya: imefuliwa mara nyingi, imelainika, haitoi rangi, na sindano inapita bila kusukumwa kwa nguvu.

Mwonyeshe mtoto kanga ilivyo: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina. Jina ni hazina. Ukipata kipande chenye "Nani kama mama" kikiwa kizima, zawadi imeshapata maneno yake. Lakini lisomeni jina lote kabla mkasi haujagusa kitu, kwa sababu kanga husema kwa mafumbo. "Hasidi hana sababu" ni jina la kumvalia mtu. Likishonwa kwenye zawadi, mama atabaki kujiuliza nani kamtuma mtoto. Na jina likikatwa katikati linaweza kusema jambo jingine kabisa. Kama halifai, kateni kwenye mji, au kwenye pindo ambalo mistari yake humsaidia mtoto kushona kwa kunyoosha.

Sasa suala la usalama ambalo watu hulipuuza. Sokoni zipo kanga na vitenge vya pamba, na vipo vya polista. Kwa kifuko cha marashi haidhuru. Kwa kitambaa cha jikoni inadhuru sana, maana polista huyeyuka ikigusana na chombo cha moto, na ikiyeyuka hunata kwenye ngozi. Jaribu hivi, na ufanye wewe, si mtoto: chomoa nyuzi chache pembezoni mwa kitambaa, zishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, ziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini linalopukutika. Polista hujikunja, huyeyuka, kisha ikipoa huacha kitone kigumu. Kipande kilichoacha kitone kisiende jikoni.

Kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kukatwa. Kina wanga unaokifanya kikakamae, na pamba hurudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Ukishona kabla, zawadi itajikunja siku mama atakapoifua. Fua mpaka maji yatoke safi, anika, piga pasi.

Kuhusu kukata: pamba iliyofumwa kawaida huchanika kwa kunyooka. Pima kwa rula ya shule, kata mdomo wa sentimita 2 kwa mkasi, kisha mpe mtoto ashike upande mmoja na wewe upande mwingine, mvute. Kitambaa kitafuata uzi wake chenyewe, na ukingo utanyooka kuliko ambavyo mkasi ungekata. Watoto huipenda sana sauti yake. Penye jina usichane, kwa sababu mara nyingine chapa haikukaa sawa na nyuzi. Hapo tumia mkasi, na mkasi wa fundi ukatie wewe.

Vifaa na hesabu ya sindano

Unahitaji sindano zenye tundu kubwa, uzi wa pamba mnene kidogo, pini, mkasi, chaki ya fundi na kastabini ya kuvaa kidoleni. Chaki ikikosekana, kipande cha sabuni kilichokauka huchora vizuri na hutoka kikifuliwa. Uzi uwe wa rangi inayoonekana. Mtu mzima hutaka uzi ufanane na kitambaa ili makosa yafichike, lakini mtoto anajifunza kwa kuona alikopita.

Kabla ya kuanza, hesabu sindano na pini kwa sauti mbele ya watoto. Mkimaliza, hesabuni tena. Pakipungua moja, hakuna anayeinuka barazani mpaka ipatikane. Sumaku ya spika mbovu ikipitishwa juu ya jamvi huzipata haraka.

Kumfundisha mkono

Usimwanzishe mtoto mdogo kwenye kitambaa cha zawadi. Mpe kwanza kipande cha gunia la katani na sindano nene. Matundu ya gunia yanaonekana kwa macho, kwa hiyo anaona sindano inazama wapi na inaibuka wapi. Siku moja ya gunia inaokoa siku tatu za kufumua.

Uzi usizidi urefu wa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko cha mtoto mara mbili. Ukizidi hapo unajisokota na kupiga mafundo, na mtoto anakata tamaa. Kata ncha kwa mshazari, ilowanishe, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ibaki nukta tu inayochungulia, kisha ulete tundu la sindano kwenye uzi badala ya kupeleka uzi kwenye tundu. Kwa fundo, zungusha ncha mara mbili kwenye kidole cha shahada, isugue kwa gumba mpaka itoke kama kamba iliyosokotwa, vuta.

Mishono inayotosha ni mitatu. Wa kwanza ni bandi: sindano inazama, inaibuka, inazama, kila hatua kama nusu sentimita. Wa pili ni wa kurudi nyuma: ukipiga hatua moja mbele, unarudi kuijaza nafasi iliyoachwa, kisha unaibukia mbele zaidi. Huu ndio wa kuunganisha vipande viwili kwa nguvu, na kuanzia miaka 8 mtoto anauweza. Wa tatu ni wa kuzungushia, ambao sindano inapita juu ya ukingo na kurudi upande ule ule, nao hutumika kufunga mdomo ulioachwa wazi.

Mwambie mtoto avute uzi mpaka ukae, si mpaka kitambaa kikunjamane. Wengi huvuta kama wanafunga mzigo. Ukiona mstari wake umejikusanya, usiufumue; ushike mwanzoni na uulaze kwa kucha mpaka uzi ulegee.

Kifuko cha karafuu cha kuweka kabatini (miaka 5 hadi 7)

Pwani tunakijua kikuba, kile kitita cha asumini, mkadi na mrehani ambacho wanawake hubandika kifuani au huweka penye nguo. Harufu yake ni ya siku moja mbili, kisha maua yananyauka. Kifuko cha karafuu ni ndugu yake anayedumu, na hufukuza wadudu kwenye nguo.

Chana kipande cha sentimita 12 kwa 32. Kunja ncha mbili fupi kwa ndani, sentimita 3 kila moja, uzipige pasi wewe. Kikunje kipande katikati, uso kwa uso, uje na umbo la sentimita 12 kwa 13. Chora mistari miwili kwa chaki, sentimita moja kutoka ukingoni, kushoto na kulia. Mtoto apige bandi juu ya mistari hiyo tu, kuanzia chini kwenye mkunjo kwenda juu. Mishono ya mwanzo na ya mwisho irudiwe mara mbili mahali pale pale. Pindua.

Ndani weka vijiko 3 vya chakula vya karafuu kavu, vijiti viwili vya mdalasini vilivyovunjwa, na maganda ya chungwa yaliyoanikwa juani mpaka yakavunjika yakikunjwa. Yakiwa na unyevu hata kidogo, yataota ukungu ndani ya kabati. Karafuu zina mafuta yanayoacha doa, kwa hiyo zifunge kwanza kwenye kitambaa chepesi, ndipo zitiwe kwenye kifuko. Funga mdomo kwa utepe. Mnawe mikono mkimaliza, maana mtoto akijisugua jicho kwa vidole vyenye karafuu, kilio chake ni kikubwa. Harufu ikipungua baada ya miezi, mama aminye kifuko viganjani karafuu chache zipasuke, itarudi.

Kitambaa cha kufunikia jagi, chenye shanga (miaka 8 hadi 10)

Hii ndiyo zawadi ninayoipenda kuliko zote. Jagi la juisi ya ukwaju mezani, nzi wanazunguka, na juu yake kitambaa cha duara chenye shanga pembezoni zinazokivuta chini kisipeperushwe na upepo. Kila mgeni atakayekuja atauliza nani kashona.

Geuza sahani ya chakula yenye upana wa sentimita 24 juu ya kitambaa chepesi, uizungushie chaki. Kata duara mbili. Ziweke uso kwa uso, zibane kwa pini, kisha mtoto ashone mshono wa kurudi nyuma sentimita moja kutoka ukingoni, aache mdomo wazi wa sentimita 6. Kushona duara ni kugumu kuliko kunyoosha, kwa hiyo mfundishe kugeuza kitambaa, si mkono. Mkono unabaki palepale, kitambaa ndicho kinachozunguka.

Kabla ya kupindua, piga vichanjo vidogo kwa ncha ya mkasi kuzunguka ukingo wote, kila baada ya sentimita 2, visifike kwenye mshono. Ukingo wa nje ni mrefu kuliko mstari ulioshonwa, na ukipinduliwa bila vichanjo utajazana ndani na duara litakuwa na mabonge. Pindua kupitia mdomo, sukuma ukingo kutoka ndani kwa kijiko cha mbao, piga pasi, ufunge mdomo kwa mshono wa kuzungushia. Umebaki na duara la sentimita 22.

Sasa shanga. Likunje duara nusu, tena nusu, tena nusu, tena nusu, ukitia alama ya chaki kwenye kila mkunjo. Ukilifungua utakuta alama 16, zimepishana kama sentimita 4. Kwa kila alama unahitaji shanga ndogo 5 na kubwa moja, kwa hiyo jumla ni ndogo 80 na kubwa 16. Wape watoto wazihesabu na kuzipanga kwenye sahani kwa mafungu. Hesabu hiyo peke yake ni mchezo wa nusu saa.

Sindano iwe nyembamba inayopita kwenye tundu la shanga. Anzia kwenye alama, fundo lifichwe ndani ya mshono. Pitisha shanga ndogo 4, kisha kubwa, kisha ndogo moja ya mwisho. Hiyo ya mwisho ndiyo kizuizi: iruke, rudisha sindano kupitia ile kubwa na zile nne mpaka kwenye kitambaa. Vuta taratibu, piga mishono miwili midogo, funga fundo, kata. Anza upya kwenye alama inayofuata. Watoto watataka kuendelea na uzi ule ule ili wamalize haraka. Usikubali. Uzi mmoja ukikatika siku moja mezani, shanga zote zitamwagika; kila kishada kikiwa na fundo lake, kinaanguka kimoja tu.

Vishada vitakuwa na urefu tofauti. Viache hivyo.

Vitambaa vya kushikia sufuria (miaka 8 na kuendelea)

Sufuria zetu nyingi hazina mikono. Zina mdomo uliopinda nje, na huinuliwa kwa kushikwa pande mbili. Kwa hiyo kitambaa kimoja hakitoshi. Tengenezeni viwili, kama doti.

Kwa kila kitambaa unahitaji vipande viwili vya kanga au kitenge cha pamba, sentimita 22 kwa 22, na vipande viwili vya taulo kuukuu la pamba, sentimita 19 kwa 19. Usitie sponji ndani, huyeyuka. Kuna wanaotia pamba ya mito. Mara nyingi pamba hiyo nayo ni polista, na hata ikiwa pamba halisi itajikusanya pembeni ikifuliwa. Taulo linatulia.

Ukitaka jina la mama au neno juu yake, lidarizi sasa kabla ya kuunganisha chochote. Ushauri wangu ni neno MAMA kwa herufi kubwa. Litazame vizuri: halina mviringo hata mmoja. M ina mistari minne, A ina mitatu, kwa hiyo neno zima ni mistari 14 iliyonyooka, na mtoto wa miaka 8 anaweza kuijaza yote kwa mshono wa kurudi nyuma. Chora herufi kwa penseli, kimo cha sentimita 3, tumia uzi mnene. Mtoto anayetaka kuandika "Bi Zuhura wangu" mwache ajaribu, ila mwambie mapema kwamba u na g zitamsumbua.

Weka vipande viwili vya kanga uso kwa uso, neno likiwa ndani. Mtoto ashone pande tatu, sentimita moja kutoka ukingoni, kwa mshono wa kurudi nyuma. Upande wa nne ubaki wazi wote, kama mfuko. Vitabu vya ushonaji hupenda mdomo mdogo, lakini kwa vidole vya mtoto kupenyeza taulo kwenye tundu dogo ni mateso. Kata ncha za pembe mbili za chini kwa mshazari ili zisijazane, kisha pindua na uzisukume kwa ncha ya penseli butu.

Tia vipande viwili vya taulo, kimoja juu ya kingine, vifike mpaka pembeni. Lisha mkono ndani na uvilaze. Kwa kitanzi cha kuning'inizia, chukua utepe wa kanga wa sentimita 4 kwa 14, ukunje kingo zake mbili zikutane katikati, ukunje tena, upige bandi katikati. Ukunje kitanzi na utie ncha zake mbili kwenye pembe moja ya upande ulio wazi. Sasa kunja kingo za upande huo kwa ndani, sentimita moja, zibane kwa pini, mtoto afunge kwa kuzungushia. Kwenye kitanzi apite mara tatu.

Kazi inayobaki ni kukitia mishono ya katikati ili taulo lisitembee ndani. Chora mistari miwili ya mshazari kutoka pembe hadi pembe, au miraba, au ufuate maua ya kanga yenyewe kama ni makubwa. Kama kuna neno, lizungukeni. Mtoto apige bandi kupitia tabaka zote nne. Hapa ndipo kastabini inapohitajika, kwa sababu kitambaa ni kinene na kitako cha sindano hutoboa kidole. Mshono mmoja mmoja: sindano iingie wima mpaka itokeze chini, avute, kisha airudishe juu. Asijaribu kuokota mishono mitatu kwa mpigo kama wafanyavyo wakubwa.

Ukimaliza, shika kwenye mwanga na utazame upande wa nyuma. Bandi itakuwa imetoka kwenye mstari mara kadhaa, na mahali pamoja au pawili itakuwa haikukamata chini. Palipokosa kukamata, mwonyeshe mtoto arudie. Palipopinda, nyamaza.

Na mwambie mtoto amfikishie mama maneno haya pamoja na zawadi: kikiwa kimelowa, asikishikie sufuria. Maji hupitisha moto upesi kuliko kitambaa kikavu, na kitambaa kilicholowa kinaweza kuunguza kiganja kabla mama hajafika mezani.

Kwa wakubwa: mfuko wa sokoni

Mtoto wa miaka 11 au zaidi ameshaweza kushona mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, mama wengi hutembea na mfuko wao mkobani, kwa hiyo ni zawadi itakayotumika. Kipande cha kitenge kizito cha sentimita 42 kwa 90 kinatosha. Kunja ncha fupi mara mbili, piga pindo, kunja katikati, shona pande mbili kwa mshono wa kurudi nyuma, kisha urudie mstari mwingine nusu sentimita pembeni yake, kwa sababu kilo mbili za viazi hufumua mshono mmoja. Mikanda miwili ya sentimita 8 kwa 60 ikunjwe kwa urefu iwe tabaka nne, ishonwe ndani ya mdomo kwa umbo la mraba wenye msalaba katikati. Kazi hii ya mikanda ikimshinda kwa mkono, fundi ataimalizia kwa cherehani kwa dakika chache, na mtoto akae pale ashuhudie.

Usiku kabla ya siku yenyewe

Mwaka mmoja nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Kijana wa jirani, miaka 7, alikuwa ameshona kitambaa chake kwa mishono mikubwa iliyopinda vibaya. Nikamwonea huruma. Usiku nikaifumua na kuishona upya, vizuri, kwa uzi ule ule. Asubuhi alikichukua, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mstari. "Hii siyo yangu," akasema. Alimpelekea mama yake, lakini mama alipomsifu aliinamisha kichwa.

Kwa hiyo usiku huo kazi yako ni ndogo. Kata nyuzi zinazoning'inia, piga pasi, hakikisha hakuna pini iliyosahaulika ndani; pitisha sumaku, kisha uminye kila mahali kwa vidole. Nyuma, pembeni kabisa, mtoto aandike mwaka na umri wake kwa kalamu isiyofutika. Kifungeni kwa kipande cha kanga kilichobaki, pembe zikutane juu, fundo moja. Mtoto akabidhi mwenyewe, na kama ni vitambaa vya sufuria, basi akabidhi kabla ya chakula, wakati moto unawaka, ili mama avitumie pale pale.

Uzi uliobaki uzungushie kwenye kipande cha boksi pamoja na sindano moja, umpe mama aweke. Jikoni mambo mengi. Mshono utafumuka baada ya miezi mitatu au minne. Siku hiyo mama asikishone yeye, wala wewe. Amwite aliyekishona.